Re: Ramani ya msitu wa asili Mufindi kabla ya Wajerumani

Kamwene mkuu. Umesema picha za setilaiti zinakuonyesha kijani kila mahali, ndiyo maana ramani yako imeifanya Mufindi nzima kuwa msitu.

Kwanza futa mashamba ya miti. Misindano ile ya patula (aina ya msonobari) asili yake Mexico, mikaratusi Australia, na miwati ya Njombe ni migeni vilevile. Sao Hill, lile shamba kubwa la miti la Mufindi, sehemu kubwa ilikuwa nyasi kabla ya kupandwa. Hata uwanda wa juu wa Kitulo usiupake rangi ya msitu, zile nyasi ni za asili.

Kinachobaki kitafute kwa miguu, kwenye makorongo na ukingo wa mteremko wa mashariki. Mimi mzee mmoja alinipeleka kwenye kichaka cha makaburi katikati ya mahindi: miti minene imeota ndevu, udongo mweusi laini, kidole kinazama chenyewe. Hatua ishirini nje, udongo mwekundu mgumu. Nikaweka alama hapo kuwa ni mabaki ya msitu. Ila uliza kama miti ilipandwa, maana makaburi mengine hupandiwa.

Ukitaka kurudi nyuma zaidi, tafuta tafiti za chavua (vumbi la maua) ya kale kutoka kwenye matope ya Ziwa Masoko, Rungwe. Zitakupa aina ya uoto, si mpaka wa msitu. Chavua hupeperushwa na upepo.

Halafu "kabla ya Wajerumani" usiisome kama "kabla ya watu". Wafua chuma wa Ukinga walichoma mkaa wao zamani, na mkaa ni miti.