Arusha hakuna rufaa ya shamba

SWALI: Nilishindwa kesi ya shamba Mahakama ya Rufani miezi minane iliyopita. Kuna mtu ananiambia sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iko juu ya Katiba yetu, hivyo mahakama ya Jumuiya iliyoko Arusha itafuta hukumu. Anataka laki sita aandike maombi. Nimpe?

JIBU: Usimpe, ndugu yangu. Makaratasi ya namna hii naletewa kila mara, yote yamenukuu Ibara ya 8(4) ya Mkataba wa Jumuiya, na yote yameikata mkia. Inasema vyombo na sheria za Jumuiya hutangulia vya kitaifa vinavyofanana navyo *katika mambo yahusuyo utekelezaji wa Mkataba*. Ushuru wa forodha, sawa. Mpaka wako na jirani unaingiaje hapo? Tena aya ya 5 inazitaka nchi zitunge sheria za kuupa ukuu huo nguvu. Vishoka hawafiki aya ya 5.

"Ipi iko juu" inategemea umesimama mbele ya nani. Kwa jaji wa Dar es Salaam, Ibara ya 64(5) ya Katiba inabatilisha sheria yoyote inayoikiuka. Kwa majaji wa Jumuiya, serikali haiponi kwa kusema Katiba yake ndiyo iliyoilazimisha kuvunja Mkataba. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Mtazame Martha Karua, mwanasiasa wa Kenya. Mwaka 2020 mahakama hiyo ilikubali kwamba Kenya ilivunja Mkataba kwa jinsi kesi yake ya ugavana wa Kirinyaga ilivyoamuliwa hadi Mahakama ya Juu. Alipewa fidia ya dola 25,000. Kiti hakikurudi.

Naye aliwahi. Ibara ya 30(2) ya Mkataba inatoa miezi miwili tu ya kufungua shauri, na mwaka 2012 Kitengo cha Rufani cha mahakama hiyo kilikataa hoja kwamba ukiukwaji unaoendelea husogeza muda. Wewe una minane. Huyo bwana alikuuliza tarehe ya hukumu?

Kinachoniuma ni wanaouza hata mlango uliofungwa. Arusha ipo pia Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, lakini Tanzania iliondoa mwaka 2019 tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki huko. Bado nakutana na wazee waliouza ng'ombe mwaka huu kulipia maombi ya kupeleka huko.

Hukumu yako ipeleke kwa wakili mwenye leseni aangalie kama kuna sababu ya kuomba mapitio Mahakama ya Rufani. Siku 60 za kuyaomba zimepita, kwa hiyo ataanza na ombi la kuongezewa muda.