Titi moja limekuwa gumu, je, kipandikizi kimepasuka?

SWALI: Shikamoo daktari. Niliwekewa vipandikizi vya silikoni Istanbul, sasa ni miaka 6. Tangu mwaka jana titi la kushoto limekuwa gumu, limepanda kuliko la kulia, na nikililalia linauma. Dada wa saluni anasema nilikande kwa nguvu litalainika. Je, kimepasuka? Lazima nipasuliwe tena?

JIBU: Marahaba. Kwanza, acha kukanda. Zamani madaktari wenyewe walikuwa wakilibinya titi kwa mikono miwili mpaka kovu la ndani liachie. Tuliacha, maana vipandikizi navyo vilikuwa vinapasuka na damu kuvujia ndani.

Ndiyo, nimesema kovu. Kila kipandikizi mwili hukizungushia utando wa kovu, na kwa wengi hubaki laini. Kwako inaelekea umejikaza na kukibana kipandikizi. Tunaupima kwa ngazi 4 za Baker: ya 3 titi ni gumu na umbo limeharibika kwa macho, ya 4 linauma pia. Kwa maelezo yako, uko huko.

Uwezekano wa kupasuka bado sijauondoa. Kipandikizi cha maji ya chumvi kikitoboka titi husinyaa, utajua mwenyewe. Cha silikoni hupasuka kimyakimya, jeli ikabaki ndani ya utando. Ndiyo maana FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, inashauri ultrasaundi au MRI (kipimo cha picha kwa sumaku) miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila miaka 2 hadi 3, hata kama huumwi. Wewe muda umeshafika.

Kwa ngazi ya 4, dawa hasa ni upasuaji, tena wa nusu kaputi: tunatoa kipandikizi pamoja na utando, au sehemu yake, kisha tunaweka kipya. Kama cha kwanza kilikaa juu ya msuli, mara nyingi tunakihamishia chini yake. Sikufichi, kovu linaweza kukaza tena, na wapo wanaoamua kuviondoa vyote viwili. Si uamuzi wa kuuonea aibu.

Itafute kadi ya vipandikizi uliyopewa Istanbul. Ikisomeka Allergan Biocell, aina ya vipandikizi vyenye ngozi ya kukwaruza, mwambie daktari mapema: viliondolewa sokoni Julai 2019 kwa kuhusishwa na aina adimu ya saratani ya limfu. Asiye na dalili hashauriwi kukimbilia kuvitoa, lakini titi likivimba ghafla, majimaji yake yavutwe kwa sindano yakapimwe maabara kabla mtu hajashika kisu.