Maswali ya wasomaji: Je, huruma ni tiba ya sonona?

SWALI: Ndugu Mshauri, mdogo wangu ana miaka 29 na ni fundi wa nguo. Miezi minane iliyopita alijifungua mtoto ambaye alikuwa amekwisha kufariki tumboni, na tangu hapo amebadilika kabisa. Cherehani yake ameifunika kwa kanga, na vitambaa vya wateja vimo mfukoni vikiwa havijakatwa. Huamka saa tisa usiku asilale tena, na chakula hukigusagusa tu. Mama anamwombea dua, shangazi anasema ni jini, na mimi nakiri kwamba nilimkemea nikimtaka ajikaze. Muuguzi ametushauri tumpeleke kwa mwanasaikolojia. Je, maneno matupu yanaweza kumtibu mtu? Na huyo mtaalamu akimhurumia sana, si atamdekeza?
Dada mtu, Morogoro

JIBU: Dada yangu, poleni sana kwa msiba, kwa maana huo ni msiba hata kama hapakuwa na matanga. Mara nyingi mama aliyempoteza mtoto kabla hajalia huachwa aomboleze peke yake, na watu humwambia kwamba atapata mwingine.

Sonona huthibitishwa na mtaalamu aliyemwona mgonjwa, lakini hayo uliyoyaeleza yanatosha kumpeleka hospitali bila kuchelewa. Huzuni ya msiba huja na kuondoka, na katikati yake mtu hula, hucheka na jirani na hukumbuka kazi zake. Sonona hukaa. Mtu anapokuwa na majonzi, au anapokosa hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, huku usingizi, chakula na nguvu vikivurugika na akijiona hana thamani, hapo tunazungumza juu ya ugonjwa. Sina ugomvi na dua ya mama, na iendelee, ila isiwe sababu ya kuahirisha safari ya hospitali.

Sasa nije kwenye maneno uliyoyaita matupu. Mwanasaikolojia wa Uingereza, Paul Gilbert, ambaye ndiye mwasisi wa tiba inayojengwa juu ya huruma, aligundua kwamba baadhi ya wagonjwa wake waliweza kuyajibu vizuri kwa hoja mawazo yao ya kujilaumu, lakini walijisemesha hoja hizo kwa sauti kali na baridi, kama mtu anayemfokea mtoto. Hoja ilikuwa sahihi, sauti ndiyo iliyokuwa ikiwaumiza. Mdogo wako akifika kwa mtaalamu wa namna hiyo, huenda akaombwa atamke kile anachojiambia saa tisa usiku, na tuseme kikawa ni hiki: “Mwili wangu ndio uliomuua mwanangu.” Kisha ataulizwa: mteja aliyekuja kupimwa gauni akikueleza kwamba amefiwa kama wewe, ungemwambia nini? Atajibu bila kusita, “Pole dada, si kosa lako.” Akitakiwa kujiambia maneno hayohayo, yatamkwama kooni. Kazi ya tiba inaanzia hapo. Atafundishwa kupumua polepole ili mwili utulie, na atazoezwa kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa, kujisemesha kwa upole anaowapa wengine.

Huko si kudekezwa, kwa sababu mtaalamu mwenye huruma humpa mgonjwa kazi pia. Anaweza kumtaka aifunue cherehani na kutunga uzi tu, bila kushona, kisha warudi kuzungumza juu ya kilichomjia moyoni wakati kidole kikigusa sindano. Anayekemewa hujifunika zaidi. Nadhani umeliona hilo nyumbani kwenu.

Wala usidhani kwamba haya ni mambo ya Ulaya peke yake. Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006, huko Mbare jijini Harare, kuwafundisha akina bibi wa mtaani kuketi benchini na wagonjwa wa kile Washona wanachokiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliofanyika katika zahanati 24 na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi wale walisikiliza kwanza, kisha wakamsaidia mgonjwa kuchagua tatizo moja la kuanza nalo.

Kwa upande wako, mwombe radhi kwa ule ukali, kisha kaa naye hata kama hasemi. Muulize pia waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Swali hilo halimtii mtu wazo hilo kichwani, bali humpa nafasi ya kulitua. Akikubali kwamba amefikiria, asiachwe peke yake, ondoeni sumu za wadudu na dawa zilizozagaa nyumbani, na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Nimepewa dawa za sonona na nimezitumia siku tisa bila nafuu yoyote, tena kichefuchefu kimenizidi. Niziache?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu yangu, siku tisa ni chache. Dawa hizi kwa kawaida huanza kuleta nafuu baada ya wiki mbili hadi nne, na wengine husubiri zaidi, ilhali maudhi kama kichefuchefu hutangulia na mara nyingi hupungua. Usiziache ghafla. Rudi kwa daktari aliyekuandikia, umweleze hicho kichefuchefu, kwa kuwa anaweza kubadili kipimo, saa ya kumeza au dawa yenyewe. Hata utakapopata nafuu, utashauriwa uendelee nazo kwa miezi sita au zaidi ili ugonjwa usirudi. Na katika miezi hiyo, mwombe daktari akuunganishe na mshauri nasaha.