Mzee akijikuna usiku kucha, msiishie kwenye dawa ya upele

Mama alianza kwa kuwashwa tu. Miezi minne alijikuna usiku kucha, asubuhi shuka zina vidoa vya damu. Tuliandikiwa dawa ya upele mara tatu, tukajipaka nyumba nzima. Lakini sisi wengine hatukuwashwa hata siku moja, na hilo peke yake lingetosha kutushtua.

Ndipo malengelenge yakatoka mapajani na tumboni. Makubwa, yamejaa maji, yamekaza. Ukiyagusa kwa kidole hayapasuki. Ugonjwa wenyewe unaitwa pemfigoidi, na huwapata zaidi watu wa miaka 70 kwenda juu. Kinga ya mwili hugeuka na kushambulia protini zinazoshikamanisha tabaka la juu la ngozi na la chini, maji yakapenya katikati. Muwasho unaweza kutangulia malengelenge kwa wiki au miezi, na kuna wazee wasiotoka lengelenge hata moja. (Malengelenge yakiwa tepetepe, yanapasuka upesi, na mdomoni kuna vidonda, daktari atafikiria pemfigasi, ugonjwa mwingine wa jamii hiyo.)

Jambo lililotuchelewesha zaidi ni kipimo cha ngozi. Hukatwa vipande viwili. Cha kwanza hutoka ukingoni mwa lengelenge jipya na hutiwa kwenye fomalini, maji ya dawa ya kuhifadhia vipande vya mwili. Cha pili hutoka kwenye ngozi nzima iliyo jirani, isiyo na lengelenge, na hiki ndicho kinachoonyesha kingamwili, yaani protini za kinga zinazoishambulia ngozi, zikiwa zimejipanga kama mstari unaong'aa chini ya hadubini maalumu. Fomalini hukiharibu. Vipande vya mama vilitiwa vyote katika kichupa kimoja cha fomalini, ikabidi mama wa miaka 78 akatwe upya. Nawasihi, kabla ya sindano ya ganzi ulizeni: cha pili kinawekwa kwenye nini? Ulizeni pia kama damu inaweza kupimwa kingamwili hizo.

Bebeni dawa zote anazotumia mzee, na picha za malengelenge yakiwa bado mabichi. Mama alikuwa anatumia vildagliptini ya kisukari, na dawa za kundi hilo zinajulikana kuuchochea ugonjwa huu. Hakuna aliyeuliza mpaka tulipomwaga mfuko mzima wa dawa mezani kwa daktari wa ngozi. Daktari ndiye aliyembadilishia; msimwachishe mzee dawa wenyewe.