Muulize Fundi: Korongoni, kupanda huja mwisho

SWALI: Shikamoo Fundi. Rafiki zangu wamenialika safari ya siku mbili kwa baiskeli katika nchi ya nusu jangwa. Tutateremka ndani ya korongo na kutokea upande wa pili. Baiskeli yangu ni ya milimani, ya kawaida, ina shokomzoba mbele tu. Wenzangu wananisukuma ninunue yenye shokomzoba mbele na nyuma. Nikope pesa ninunue, au hii inatosha? Na maji nibebe lita ngapi?

JIBU: Marahaba. Usikope. Baiskeli ya shokomzoba moja itakutikisa zaidi mgongoni na itakulazimu kuteremka polepole kuliko wenzako, basi. Swali lako la pili ndilo kubwa, na afadhali ungelianza nalo.

Mlima unaupanda asubuhi, mwili una nguvu, jua halijakaza, na ukichoka unageuza usukani unateremka kurudi ulikotoka. Korongo ni kinyume chake. Asubuhi unateremka kwa furaha, jasho hakuna, maji huyagusi. Saa saba mchana uko chini kabisa, kuta za mawe zinakurudishia joto zilizolinywa tangu asubuhi, na njia pekee ya kutoka inapanda. Chukua Grand Canyon kule Marekani kama mfano wa joto tu, maana baiskeli haziruhusiwi kwenye njia za kushukia humo. Ukingo wa kusini uko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Julai, chini karibu na mto joto hupita nyuzi 38 mara kwa mara, na siku hiyo hiyo waliobaki juu ukingoni wako kwenye nyuzi 30 au chini yake. Anayechungulia kutoka juu hawezi kuhisi kinachomsubiri. Kwa hiyo anza kupanga safari yako kwenye ule mpando wa mwisho, kisha rudi nyuma hadi asubuhi.

Haya, maji. Kwenye joto hilo, mtu anayekanyaga pedali kwa bidii anaweza kupoteza lita nzima ya jasho kwa saa moja, wengine zaidi. Mimi hupiga hesabu ya nusu lita kwa saa wakati wa ubaridi wa asubuhi, na lita moja kwa saa jua likishapanda. Hesabu saa zenu bila kujidanganya, kisha ongeza mbili za pancha na kupotea njia. Siku ndefu inafika lita saba au nane kwa urahisi, na hizo ni kilo saba au nane. Ya siku mbili hutayaweza mgongoni.

Ndiyo maana kwenye njia ya White Rim, ndani ya hifadhi ya Canyonlands jimboni Utah, kilomita 160 hivi bila maji ya kunywa njiani, waendesha baiskeli wengi huenda siku tatu au nne huku gari likiwabebea maji. Na hata huko, anayeanza kwa kuteremka zile kona za mteremko wa Shafer humalizia kwa mpando wa Mineral Bottom, miguu ikiwa imekwisha. Sasa waulize wenzako maswali mawili. Gari la maji lipo? Kama halipo, kuna chemchemi ambayo mtu ameiona kwa macho yake mwezi huu? Alama ya buluu kwenye ramani haihesabiki, maana katika nchi kavu inaweza kuwa ya chemchemi iliyokauka zamani. Yote mawili yakijibiwa hapana, fanyeni safari ya siku moja. Wakikuona mwoga, waache wakuone hivyo.

Bebeni na vitu vya chumvi vya kutafuna. Kujaza tumbo maji matupu kutwa nzima wakati chumvi inatoka kwa jasho kunaleta kichefuchefu na kuumwa kichwa, na kukizidi kunaua. Na mwenzenu akianza kuongea ovyo, kuyumba, au kugomba bila sababu, safari imeishia hapo. Msisubiri jasho likauke ndipo muamini, kwa sababu anayeshikwa na kiharusi cha joto, yaani mwili kuzidiwa na joto, katikati ya kazi nzito mara nyingi bado anatoka jasho. Mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mwili mzima, hata kama ni yale mliyopanga kunywa, mpepeeni bila kuacha, na mwingine atafute msaada.

Kuhusu baiskeli yenyewe, kabla ya kuondoka ipakie mzigo wote, utafute kilima, uhakikishe ile gia nyepesi kabisa inaingia na kukaa. Kwenye karakana yangu naona baiskeli nyingi ambazo gia hiyo haiingii, na mwenyewe hajui kwa sababu hajawahi kuihitaji. Pedi za breki zikiwa nyembamba, badilisha. Kwenye mteremko mrefu usizishikilie breki mfululizo, zitachemka na kupoteza nguvu. Bana sawasawa, punguza mwendo, achia zipoe, halafu bana tena. Simama juu ya pedali zikiwa usawa, viwiko vimekunjwa, makalio nyuma kidogo, macho yakiwa mbali mbele. Jiwe unalolikodolea ndilo utakaloligonga.

SWALI: Fundi, miiba inanimaliza. Nimenunua tyubu nene na bado napata pancha kila nikipita nchi kavu. Kuna dawa?

JIBU: Ipo. Nina hakika unaokota mbigili. Kitazame kimoja kwa karibu: kipande kidogo cha mbegu, kigumu, chenye miiba iliyopangwa kiasi kwamba kikianguka vyovyote vile, mmoja unabaki umeelekea juu. Tyubu nene inakichelewesha tu.

Kama rimu zako zinakubali, hamia kwenye tairi zisizotumia tyubu, utie ndani ile dawa ya maji ya kuziba pancha. Mwiba ukiingia, dawa inakimbilia penye tundu na kuganda. Ukiukuta mwiba umezama na upepo hautoki, uache hapo hapo hadi ufike nyumbani. Tatizo ni kwamba hewa kavu na joto huikausha dawa upesi, kwa hiyo ikague kila baada ya miezi miwili. Vua gurudumu, litikise karibu na sikio. Usiposikia majimaji yakicheza ndani, ongeza.

Hata hivyo beba tyubu moja, kwa sababu jiwe lenye makali likipasua tairi ubavuni, dawa haitasaidia. Hapa wengi hujiumiza. Tairi iliyotembea na dawa muda mrefu huwa imemeza miiba mingi bila mwenyewe kujua, na ukitia tyubu mpya juu yake inatoboka kabla hujapanda. Pitisha kitambaa ndani ya tairi polepole, pande zote. Kinapokwama ndipo mwiba ulipo. Usitumie kidole kitupu.

SWALI: Tumepanga kulala chini ya korongo, kwenye mchanga. Ni tambarare, laini, na mvua haijanyesha huko kwa miezi. Kuna ubaya?

JIBU: Upo, tena mkubwa. Tafadhali msilale hapo.

Mchanga huo laini umeletwa na maji. Ardhi ya nusu jangwa ni ngumu, mimea ni michache, mvua kubwa ikipiga hainywi chochote. Yote yanateremka kwenye vijito, vijito vinaingia korongoni, na korongo likiwa jembamba maji hayana pa kwenda ila juu. Si lazima mvua inyeshe mlipo. Tarehe 12 Agosti 1997, katika korongo la Antelope jimboni Arizona, watalii 11 walikufa kwa mafuriko ya mvua iliyonyesha kilomita kadhaa kutoka pale waliposimama.

Mkifika, inueni macho mkague kuta. Mtaona vijiti, nyasi kavu, labda gogo zima limebanwa kwenye ufa wa mwamba juu ya vichwa vyenu. Maji yalifika hapo. Laleni juu zaidi ya hapo, mahali mnapoweza kuendelea kupanda hata gizani. Utabiri wa hali ya hewa mnaoutaka ni wa eneo lote la juu ambako maji ya korongo lenu yanatoka, na wingu jeusi kule lichukulieni kama liko juu yenu. Mkisikia mngurumo kama wa lori linalokuja, au kijito kikibadilika rangi ghafla na kubeba takataka, pandeni ukingo ulio karibu na baiskeli ziacheni. Naipenda baiskeli kuliko watu wengi ninaowafahamu, na bado nakwambia uiache.

SWALI: Je, naweza kukata kona kupitia uwandani kuepuka mchanga mzito wa njiani?

JIBU: Usikate. Ule udongo mweusi wenye vinundu unaouona kati ya vichaka uko hai. Ni vijiumbe, kuvu na mimea midogo iliyoshikamana na kuufunga mchanga usipeperuke, na tairi moja ikipita inavunja kilichochukua miaka mingi kujijenga. Alama yako inaweza kuonekana kwa miongo, na upepo utaanza kula hapo hapo. Pita kwenye njia, kwenye mwamba mtupu, au kwenye mchanga wa kijito kikavu. Mchanga ukizidi, weka gia nyepesi, rudisha uzito nyuma, kanyaga bila kusita wala kukata usukani. Ukishindwa, shuka usukume.

SWALI: Mafuta gani ya mnyororo?

JIBU: Mepesi, yale ya nchi kavu. Mafuta mazito hukamata vumbi na kugeuka msasa unaosaga meno ya gia. Weka tone kwenye kila kiungo usiku, na asubuhi upanguse mnyororo hadi kitambaa kitoke karibu kikavu.