Maswali ya wasomaji: Bwawa la mzee limejaa, na siku hizi chini yake kuna nyumba

SWALI: Hallo injinia. Baba yetu alituachia shamba huku Kamulu na ndani kuna bwawa la udongo alilochimba miaka ya 1980 ya kunyweshea ng'ombe, tuta lake nakadiria ni mita 4 hivi kwenda juu. Wakati huo chini hakukuwa na mtu, nyasi tu na swara. Sasa watu wamenunua ploti, kuna nyumba za mawe, za mabati, kanisa, na hata shule ya chekechea. Mvua iliyopita kijana anayetushikia shamba aliweka magunia ya mchanga pale pembeni maji hutokea yakizidi, ndio tubaki na maji mengi ya kiangazi, na kweli tuliyapata mpaka tukauzia watu wa boza. Lakini saa hii kuna mahali chini ya tuta pamelowa na hapakauki hata jua liwake namna gani, na juu ya tuta kumetokea ufa. Kaka yangu anasema bwawa limekaa miaka hiyo yote bila shida, tuache uoga. Mimi silali. Nianzie wapi? (Msomaji, Kamulu)

JIBU: Dada yangu, pole, na asante kwa kuandika mapema. Anza na hayo magunia. Kabla hujatafuta injinia, kabla hujaenda ofisi yoyote, magunia yatoke, na yatoke kabla mvua haijarudi.

Nakwambia hivyo kwa sababu tuta la udongo linaweza kuzuia maji miaka na miaka lakini haliwezi kuvumilia maji yapite juu yake. Maji yakishapita juu yanateremka na kasi upande wa nje, yanachimba chini kwa miguu ya tuta, shimo linarudi nyuma kidogo kidogo mpaka linafika kwenye maji yenyewe, na hapo kinachofuata ni dakika tu, sio siku. Ule mtaro wa pembeni mzee aliuacha makusudi ndio maji ya ziada yawe na njia bila kugusa tuta. Bwawa likijaa hadi usawa wa mtaro, juu yake inafaa kubaki kama mita 1 ya tuta kavu. Kijana wenu alitaka kuwasaidia, simlaumu, hii tabia iko mashamba mengi sana, wengine wanaweka mawe, wengine nyavu ili samaki wasitoroke alafu nyavu zinashika takataka na mtaro unaziba. Yote ni kitu kimoja, unachukua ile nafasi ya usalama unaifanya kuwa akiba ya maji.

Lakini msiyang'oe yote kwa mpigo, mtawamwagia watu wa chini mafuriko nyinyi wenyewe. Toa mstari wa juu kwanza, ngoja maji yashuke, toa unaofuata. Kwa bwawa la zamani kama hilo ningeenda sentimita 30 hivi kwa siku, kwa sababu udongo wa ndani umeshiba maji, na maji ya mbele yakiondoka haraka ule upande wa ndani unabaki mzito bila kitu cha kuushikilia, unaweza kuporomoka. Kama mawingu yameshakusanyika hiyo ni hesabu nyingine, hapo mpate mtu anayejua asimame na nyinyi.

Sasa hapo palipolowa. Chukua chupa ya maji ya plastiki, ile isiyo na rangi, ioshe vizuri, chimba kijishimo kidogo mahali maji yanatoka uyaelekeze ndani ya chupa, alafu iweke dirishani ilale hapo usiku. Asubuhi angalia chini ya chupa. Maji yakiwa safi, inamaanisha bwawa linavuja tu, na karibu kila bwawa la udongo huvuja kidogo, utakuwa unaliangalia kila wiki. Ukikuta tope limekaa chini, hilo ni tuta lenu linabebwa punje kwa punje kutoka ndani, yaani kuna njia inachimbwa huko usikoona, na hapo haungoji wiki ijayo. Pima pia kasi: kinga jerikeni ya lita 10 na uangalie kwa simu inajaa kwa muda gani, andika, rudia, na kama inajaa haraka zaidi na bwawa halijapanda kuna kitu kimebadilika ndani. Bwawa la Teton kule Idaho, Marekani, tuta la zaidi ya mita 90 lililojengwa na wataalamu wa serikali, lilienda namna hii tarehe 5 Juni 1976. Asubuhi waliona maji ya matope yakitoka, walipeleka matingatinga kuziba, na kabla ya saa sita mchana tuta lilikuwa limekatika. Watu 11 walikufa. Naleta mfano huo ujue kwamba tope likishaanza kutoka muda unakuwa mfupi, wala ukubwa wa mfuko hausaidii.

Ufa nao, angalia unaelekea wapi. Ukifuata urefu wa tuta unaweza kuwa ni kukauka, huo udongo mweusi wa kunata wa Kamulu na Ruai unapasuka kila kiangazi, ingawa unaweza pia kuwa upande mmoja umeanza kuteleza. Ukikata tuta kutoka upande wa maji kwenda upande wa nje, huo ni mbaya, maji yakifika hapo yana barabara. Piga vijiti viwili, kimoja kila upande wa ufa, pima katikati kwa futi ya fundi, andika tarehe. Na msijaze ufa kwa udongo ili tu upendeze, mtaficha dalili.

Kuhusu kaka yako, mwambie hivi kwa heshima: ni kweli bwawa halijabadilika sana, ila bonde limebadilika kabisa. Mzee alijenga juu ya nyasi. Tuta hilohilo sasa liko juu ya watoto wa chekechea, na hatari ya bwawa inapimwa kwa nani yuko chini. Kanuni zetu za maji huwa zinapanga mabwawa pia kwa kina, na la chini ya mita 5 linaangukia daraja la hatari ndogo, kwa hivyo anaweza kukuonyesha hiyo karatasi akadhani mjadala umeisha. Haujaisha. Kule Solai, Nakuru, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la udongo ndani ya shamba la mtu binafsi lilipasuka baada ya mvua kubwa na zaidi ya watu 40 wakafa, wengi walikuwa nyumbani kwao tu. Na Mei 2024 mvua zilipozidi serikali iliamuru watu wanaoishi karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 nchini wahame. Watu wa chini yenu wangeambiwa na nani kama sio nyinyi?

Na sheria haimwachi mwenye bwawa. Ile kanuni mawakili wanaiita Rylands na Fletcher, ya Uingereza mwaka 1868 na inayotumika hata katika mahakama zetu, ilitokana na bwawa la mtu binafsi lililofurika mgodi wa jirani. Mwenye bwawa hakuwa mzembe yeye binafsi, ila alilipa, kwa sababu ndiye aliyeyaweka maji hapo.

Kwa hivyo nendeni Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, nyinyi mko bonde la mto Athi, muulize kama mzee alikuwa na kibali, na kama hakuwa nacho muanze kukitafuta chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Tafuteni mtaalamu wa mabwawa mwenye leseni aje akanyage tuta. Mwenye greda anayesema ataongeza udongo juu msimkubali, udongo usioshindiliwa kwa matabaka ni mzigo tu. Na mkiona gharama ya kulitengeneza hamuiwezi, kulifunga bwawa kwa utaratibu, likakatwa na mtaalamu wakati wa kiangazi, ni uamuzi wa heshima.

SWALI: Mimi ni mpangaji, nyumba yetu iko chini ya bwawa la mtu na mwenye shamba hataki maswali. Nina haki gani? (Baba Njeri, Ruai)

JIBU: Baba Njeri, una haki ya kuuliza na kujibiwa. Nenda na watu wa nyumba kumi, sio peke yako, mpeleke barua kwa chifu na nakala WRA, mseme mmeona nini na lini, na picha zenye tarehe. Wakati huohuo kubalianeni nani atapiga simu maji yakipanda usiku na mtakimbilia wapi. Mpande kando kwenda juu, msikimbie kufuata bonde, na msiingie kwenye gari. 999, 112 na 1199 ya Msalaba Mwekundu ziwe kwenye simu ya kila mtu, hata ya mtoto mkubwa.

SWALI: Nimepanda mikaratusi juu ya tuta ili mizizi ishike udongo, imefika kiunoni. Ni sawa? (Msomaji, Karen)

JIBU: Ing'oe sasa ikiwa bado midogo na ushindilie kila shimo vizuri. Mti mkubwa ukikauka mizizi inaoza na kuacha mabomba ndani ya tuta. Kama kuna mingine mikubwa usiing'oe bwawa likiwa limejaa, ita mtaalamu kwanza. Panda nyasi fupi na uzifyeke, utaona hata shimo la fuko likiwa bado dogo.