Mpwa wangu, ukija Ujerumani utabaki kuwa nani?

Marahaba, mpwa wangu. Sauti uliyotuma kwenye kundi la ukoo niliisikiliza nikitoka zamu ya usiku, nikaona si ya kujibiwa kwa mkato. Uliuliza mambo mawili: kama maisha ya Ulaya ndivyo yalivyo kama yanavyosimuliwa hapo kwetu Mtama, mkoani Lindi, na kama mtu akikaa huku sana anaacha kuwa Mmwera, mtu wa kabila letu. Najibu hadharani kwa sababu wenzako nao wananiuliza hayohayo.

La kwanza ni jepesi. Kazi ipo. Mafunzo ya uuguzi ni miaka 3 na unalipwa ukiwa unasoma, ila bila Kijerumani cha kutosha hupokelewi. Mshahara ukiugeuza shilingi unatisha kwa ukubwa. Wakishakata kodi na bima ya afya, nawe ukalipa pango la Berlin, kinachobaki ni cha kupanga kwa makini. Baridi utaizoea. Upweke wa Novemba, jua linapozama saa kumi, huo utakusumbua. Anayekuambia vingine anakudanganya.

La pili ndilo zito.

Kwetu nilikuwa mtoto wa mama yangu, wa ukoo wake, na kila mtu alimjua mjomba wangu ni nani. Nilipofika Dar nikawa mtu wa kusini. Miaka ile, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, kuitwa hivyo kulikuwa na dharau ndani yake, maana masika njia ilikatika Rufiji na watu walituona kama tumetoka dunia nyingine. Huku nimekuwa Mwafrika, basi. Unavyozidi kwenda mbali ndivyo wanavyokuita kwa jina pana zaidi, na ndivyo linavyozidi kutokukujua. Ninalo jina nililotoka nalo jandoni. Halimo kwenye pasipoti, na Berlin nzima hakuna wa kuniita hilo.

Usidhani Wazungu jambo hili haliwagusi. Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi namhudumia bibi mmoja aliyezaliwa kijiji cha jirani na Breslau, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Wrocław. Vita ilipokwisha mwaka 1945, Wajerumani wapatao milioni 12 walikimbia au kufukuzwa kutoka nchi za mashariki, naye alikuwa mmojawapo, mtoto mdogo. Sasa kumbukumbu zimemtoka. Jina langu analisahau kabla sijamaliza kumvisha soksi. Lakini ikifika jioni anakaa ukingoni mwa kitanda, mkoba mapajani, anasema anangoja kwenda kwao. Anakitaja kijiji nyumba kwa nyumba: kwa mhunzi, kwa mwoka mikate, kisimani, kanisani, kwa lafudhi ambayo wauguzi vijana wa hapahapa inawapiga chenga. Ameolewa Berlin, amezaa Berlin, amezika mume Berlin. Miaka peke yake haimfanyi mtu kuwa wa mahali.

Ila bibi yule hana wa kumpokea huko kijijini, na hapo ndipo hali yangu inapotofautiana na yake. Sisi Wamwera, kama Wamakonde na Wayao, ukoo tumeuhesabu kwa mama. Dini na fomu za serikali zimeleta jina la baba, na mjini wengi wameacha, lakini wazee wakikaa kugawa shamba unajua wanaanzia wapi. Kwa hesabu yao wanangu, ambao mama yao ni Mjerumani, ni wa ukoo wa mama yao. Wewe, mtoto wa dada yangu, ndiye wa kwangu. Mke wangu alipoelewa hilo alinyamaza kwa muda mrefu.

Wazee nawaheshimu, lakini sitakubali wanangu waambiwe kwamba Lindi ni wageni. Ndiyo maana nawapeleka makumbusho ya hapa Berlin kumwona mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria ambaye wabunge wetu wamemzungumzia mara nyingi. Kimo chake kinapita mita 13. Mifupa ilichimbwa kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913. Waliochimba ni watu wa kwetu, mamia yao, na wapagazi wakaibeba kwa miguu siku kadhaa hadi bandarini, miaka michache tu baada ya Majimaji na njaa yake. Binti yangu huwaambia wenzake kwa fahari kwamba mnyama huyu anatoka kwa bibi yake. Mimi namwongezea habari za wapagazi, ajue na mabega yaliyombeba.

Sasa mimi ni Mmwera kwa lipi? Kwa kuwa mama yako akikwama hela ya salfa ya mikorosho ananipigia mimi kwanza. Kwa kuwa mdogo wako haingii jandoni mjomba wake hajatoa neno. Siku nikiacha kupokea simu hizo, hata ningekula ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, kila asubuhi haitanisaidia. Nawafahamu Watanzania huku wanaojifunga bendera kila sikukuu na hawajui mama zao wanaumwa nini.

Tangu Juni 2024 Ujerumani inamruhusu mtu kuchukua uraia wao bila kuacha wa kwao. Sheria yetu ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo nikichukua wao napoteza wetu. Sijaomba, wala siombi. Shamba la bibi likigawiwa nataka nikae pale kama mwenyewe, nisikae kama mgeni wa heshima.

Ukitaka kuja, njoo. Anza Kijerumani sasa hivi. Korosho za mama yako usiziuze kangomba, yaani kwa walanguzi kwa bei ya kutupa, ili upate nauli. Nauli ni juu yangu, ndiyo kazi ya mjomba. Na wiki hii nenda kwa bibi, akutajie mama yake, na mama wa mama yake, hadi atakapoishia. Andika yote unitumie. Binti yangu ameyaulizia majina hayo, na anayetakiwa kumpa ni wewe.